Ubao umekwenda na maji: mwongozo kamili wa kutafuta vifaa vya michezo ya baharini vilivyopotea Unguja

Mwezi wa saba, upepo wa kusi ukivuma vizuri, binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Maskati aliangushwa na kaiti, yaani lile tiara kubwa linalomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao majini, mbele ya pwani ya Paje. Yeye alibaki ameshikwa na kaiti yake, ubao ukamtoka miguuni. Alipofanikiwa kusimama, maji ya kifua, alizungusha macho pande zote asiuone. Ubao mweupe ndani ya mapovu meupe. Tuliutafuta watu watano mpaka magharibi, pale pale alipoangukia, na hilo ndilo lilikuwa kosa letu. Wakati huo ubao ulikuwa umeshakwenda zake kaskazini, njia ya Bwejuu. Kesho yake asubuhi bibi mmoja mkulima wa mwani alituonesha ulipo: alikuwa ameufunga kwa kipande cha kamba kwenye kigingi cha shamba lake ili maji yasiuchukue tena, na juu yake ameweka tenga la mwani.

Tangu siku hiyo nimeshiriki kutafuta mbao, kaiti, makasia, mapezi, kamera na pete moja ya ndoa. Nilichojifunza ni kwamba kitu kilichopotea baharini hakitawanyiki ovyo. Kina njia yake, na njia hiyo wanaijua upepo, maji, na watu wanaoitembea pwani kila siku. Ukiwauliza hao watatu mapema, siku hiyo hiyo, una nafasi nzuri ya kurudishiwa kifaa chako.

Mtu kwanza

Kabla ya yote, hakikisha kila mliyeingia naye majini yuko salama na anaonekana. Usifukuze kifaa kwa kuogelea. Ubao unaokwenda na upepo unakushinda mwendo, na kila dakika unayoufuata unazidi kuwa mbali na nchi kavu huku nguvu zikikuishia. Nimemwona kijana mwenye afya zake akirudi pwani anatapika maji kwa sababu ya kasia la bei ndogo.

Jambo la pili watu wengi hawalifikirii: kaiti inayoelea peke yake, bila mtu, ikionekana na mvuvi au na wenzako wa pwani, wao watadhani mwenyewe amezama. Watatoa boti, wengine watajitosa. Kwa hiyo ukishafika nchi kavu salama, nenda moja kwa moja kwenye kituo cha kaiti kilicho karibu na useme: mimi ni mzima, kilichopotea ni kaiti, rangi yake hii, imeelekea huku. Kama kuna mtu asiyeonekana, hapo si suala la vifaa tena. Piga 112, waambie wenye boti, na habari ziwafikie KMKM, yaani Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ambacho pia hufanya uokoaji katika bahari ya Zanzibar.

Chukua alama ungali majini

Kama umesimama salama, usitoke mbio. Tazama nchi kavu utafute vitu viwili vilivyopangana, kimoja mbele kimoja nyuma: mnazi uliopinda na mnara wa simu, au pembe ya paa la makuti na mnara wa msikiti. Huo ni mstari wako wa kwanza. Geuza kichwa kushoto au kulia utafute mstari wa pili kwa namna hiyo hiyo. Mistari miwili inapokutana ndipo ulipo. Wavuvi wetu wameurudia mwamba wenye samaki kwa njia hii miaka na miaka kabla ya simu zenye ramani, na bado inafanya kazi vizuri kuliko kumbukumbu ya mtu aliyechanganyikiwa.

Tazama na saa. Saa uliyopoteza ni habari muhimu kama mahali ulipopoteza. Ukifika pwani, andika kwenye simu mambo manne: saa, alama zako, upepo ulikuwa unatoka wapi, maji yalikuwa yanajaa au yanatoka.

Kama kilichopotea kimezama na maji si marefu, weka chelezo hapo hapo. Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, kamba ya mita tano na jiwe vinatosha. Binamu yangu siku hizi huwa na vitu hivyo ndani ya mfuko wake wa kaiti.

Kinaelea au kinazama?

Jibu la swali hili linagawa kazi nzima. Ubao wa kaiti, ubao wa mawimbi, ubao wa kasia, jaketi la kuokolea na kasia nyingi huelea. Kaiti ya kupuliza huelea maadamu ina upepo ndani. Miwani ya kuzamia huzama, na kamera isiyofungiwa boya huzama kama jiwe, vilevile miwani ya jua na pete. Mapezi ni ya kuchunguza: ya mpira mzito huzama, baadhi ya yale mepesi huelea. Simu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa na hewa huelea, na ukitoboka huzama.

Kinachozama hubaki karibu na pale kilipoangukia. Kinachoelea, usikitafute pale. Sisi tulipoteza saa tatu kwa kutolijua hilo.

Upepo unakipeleka wapi

Upande wa mashariki wa Unguja, ukishuka kutoka kaskazini kwenda kusini, utapita Michamvi, Dongwe, Bwejuu, Paje, Jambiani hadi Makunduchi. Shika mpangilio huo kichwani, ndio ramani yako.

Upepo wa kusi, ambao hukaa vizuri kuanzia Juni hadi Septemba, hutoka kusini mashariki. Kitu kikipotea Paje msimu huo kitasukumwa kuelekea kaskazini na kuelekea ufukweni: kitafute Bwejuu, halafu Dongwe. Kaskazi, ya Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini mashariki: kitu cha Paje kitashuka Jambiani. Hii ni bahati ya pwani ile, kwamba pepo zote mbili kubwa husukuma kuja nchi kavu. Bahati hiyo huna alfajiri, upepo unapotoka nchi kavu kwenda baharini, wala huna kati ya misimu, upepo unapogeukageuka.

Kwa mwendo, kuna hesabu ya wanamaji inayosaidia: maji ya juu yanayosukumwa na upepo husafiri kama asilimia 3 ya mwendo wa upepo. Upepo wa noti 18, ambao ni kama kilomita 33 kwa saa, unakupa karibu kilomita moja kwa saa. Ubao uliolala bapa majini huenda hivyo au zaidi kidogo. Ukipotea saa 9 alasiri na sasa ni saa 11 jioni, anza kutafuta kilomita mbili upande upepo unakokwenda, kisha rudi nyuma ukiangalia. Kaiti iliyopulizwa haina hesabu hiyo. Imeinuka juu ya maji, upepo unaikamata kama tanga, na huenda mara kadhaa ya mwendo wa ubao. Hiyo itafute mbali, na uitafute sasa hivi.

Maji yanasemaje

Hapa ndipo mgeni kutoka bara au kutoka ughaibuni anapokosea sana, kwa sababu ameona bahari moja asubuhi na nyingine jioni asijue kwamba ni ile ile.

Unguja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu na siku chache zinazofuata, tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hushuka mpaka mita moja na kitu. Kuna jambo la kukumbuka kwa faida yako: siku za bamvua hapa kwetu maji hupwa kabisa asubuhi, kati ya saa 4 na saa 5, na hujaa karibu saa 10 alasiri. Siku za maji mafu hugeuka, yanajaa asubuhi na kupwa alasiri.

Maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Gawa safari yake ya saa sita katika sehemu 12: saa ya kwanza hutoka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3.6, basi katika saa mbili za katikati pekee bahari inashuka mita 1.8. Wakati huo mkondo ndio mkali kuliko wakati wowote, hasa karibu na milango ya mwamba, yaani mapengo ya ule ukuta wa matumbawe ulio mbele ya pwani, ambako maji yote ya ndani hutafuta pa kutokea. Ubao uliopotea jirani na mlango, maji yakitoka kwa kasi, unaweza kuvuka mwamba na kwenda bahari kuu. Hapo waambie wavuvi, kwa sababu nje ya mwamba wako wao, wewe huwezi kufika. Ubao ule ule ukipotea maji yanajaa, upepo na maji vinashirikiana kukuletea pwani, na mara nyingi utaukuta umelala kwenye ule mstari wa majani ya bahari, vifuu vya nazi na chupa ambao maji huuacha yanapofika mwisho wake.

Kwa hiyo nyakati za kutafuta ni mbili. Tembea mstari huo mara tu maji yaanzapo kurudi nyuma, kabla watoto na mbwa hawajaupitia. Kisha ingia ndani maji yakiwa yamepwa, uangalie madimbwi, mashamba ya mwani na ukingo wa mwamba.

Nakuonya kuhusu kupwa kwenyewe. Pale Paje na Jambiani unaweza kutembea zaidi ya kilomita moja kwenda mwambani ukiwa na maji ya kifundo cha mguu. Maji yanaporudi hayaanzi mbele yako. Hujaza kwanza mabonde yaliyo kati yako na ufukwe, nawe umesimama kwenye fungu la mchanga unadhani una muda. Geuka urudi saa moja kabla ya maji kuanza kujaa. Vaa viatu, na unapotembea kwenye mchanga uliofunikwa na maji buruta miguu badala ya kuinyanyua, samaki aitwaye taa akiwa amelala pale ataondoka mwenyewe kuliko ukimkanyaga akupige mwiba wa mkia. Usiku usiingie kabisa.

Waulize wenye pwani

Hatua hii ndiyo inayorudisha vitu vingi kuliko zote. Nasikitika kwamba wageni wengi huifikia mwisho, baada ya kuzunguka siku mbili peke yao.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na Paje na Jambiani ni katika vijiji vya mwanzo. Wanawake wanaokifanya wako majini kila bamvua, saa nyingi, macho chini. Wanakijua kila kipande cha mchanga kama mtu anavyoujua uwanja wa nyumba yake, na kitu kigeni wanakiona kabla hujakieleza. Baada yao wako wanaochokoa pweza mwambani, kisha wavuvi wa ngalawa na mashua, ambao utawakuta dikoni wanaposhusha samaki. Diko lina msimamizi wake, bwana diko, na wavuvi wana kamati yao. Ukimweleza bwana diko mmoja, habari itafika vijiji vinavyofuata kwa simu kabla hujamaliza chai.

Namna ya kuuliza ina uzito. Ukiingia kijijini vaa nguo, mabega na magoti yafunikwe, si ile kaptula ya kuogelea inayochuruzika. Epuka saa ya sala, hasa Ijumaa mchana. Na usiruke salamu. Mazungumzo yaliyotupatia ubao yalikuwa hivi:

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo bibi. Habari za mwani?”

“Mwani upo, jua tu kali. Mwatafuta nini na asubuhi hii?”

“Bibi, huyu ndugu yangu kapotelewa na ubao wake jana alasiri.”

“Mweupe? Una kamba za miguu nyeusi?”

“Ndio huo huo.”

“Basi njooni. Nimeufunga kule, nikasema mwenyewe atapita.”

Kama tungeanza na “umeona ubao?” bila salamu, sidhani kama angeacha kazi yake kutusindikiza.

Kuhusu shukrani, amua kiwango kabla hujatangaza na uwaambie wote kiwango kile kile. Kwa ubao au kaiti, kwa maoni yangu, kifuta jasho cha shilingi 30,000 hadi 50,000 ni cha heshima. Kwa miwani ya kuzamia 5,000 au 10,000 inatosha. Aliyekitoa kifaa chako baharini ametumia nguvu zake, pengine amekikokota kilomita mbili chini ya jua, kwa hiyo usimtazame kama mwizi anapokiulizia kitu kidogo. Mkishindwa kuelewana, nenda kwa sheha wa shehia ile, yaani kiongozi wa serikali wa pale, ukamweleze kwa utulivu. Yeye anawajua watu wake, na mara nyingi neno lake linamaliza.

Lipo jambo moja nakuomba ulichukulie kwa uzito wote. Kamba za kaiti zikinasa kwenye shamba la mwani, usivute. Usikate. Kila kamba pale imefungwa vijitawi kimoja kimoja kwa mkono, na mvuto mmoja unang'oa kazi ya wiki nzima. Mwite mwenye shamba, mfungue pamoja, na kama kuna hasara ilipe pale pale. Nimeona mama akiokota mwani wake uliokatika, kijitawi baada ya kijitawi, huku kaiti ya mamilioni ikianuliwa pembeni yake na mwenye nayo hajasema hata pole.

Kilichozama

Ukipoteza kitu kizito ndani ya mwamba upande wa mashariki, kalenda ya mwezi ni chombo bora kuliko mzamiaji. Kama ni siku za maji mafu, subiri. Karibu wiki moja baadaye bamvua itakuachia mahali pale pakavu au pa maji ya magoti, ukatembee ukaokote. Likizo ikiisha kabla, mwachie mtu unayemwamini alama zako mbili na namba yako.

Siku ya kutafuta, jipangeni mstari mmoja, mtu na mtu kwa mita tatu hivi, mtembee taratibu kufuata mkondo ulikokwenda, mwisho mgeuke mrudi mstari unaofuata. Jua likiwa juu kidogo tu huleta vivuli vinavyoonesha kitu kilichofunikwa nusu. Saa sita mchana mng'ao unaficha kila kitu. Mchanga hufunika haraka, kwa hiyo tafuta umbo: pembe iliyonyooka, duara, mstari. Bahari haina vitu vilivyonyooka sana.

Penye maji ya mita mbili hadi nne, tumia duara. Mmoja anashika kamba kwenye chelezo, mwenzake anaogelea akiizunguka huku kamba imekaza, uso ndani ya maji. Akimaliza duara, kamba inaongezwa mita moja na nusu, anazunguka tena. Inachosha, lakini haiachi pengo. Ile pete ya ndoa tuliipata kwenye duara la sita, imekaa wima kwenye mchanga kama mtu kaichomeka.

Mashine za kutafutia chuma watu huja nazo kwa matumaini makubwa. Zile za bei rahisi hupiga kelele ovyo kwenye mchanga uliolowa chumvi. Inayofaa ni ile ya mfumo wa mapigo, iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari. Sumaku ya kamba pia usiitegemee, kwa sababu chuma kingi cha vifaa vya baharini ni cha aina isiyoshikwa na sumaku.

Kendwa na Mnemba

Huko upande wa kaskazini mambo ni tofauti. Kendwa inatazama magharibi, kwa hiyo upepo wa kusi unatoka nchi kavu kwenda baharini: ubao wa kasia ukikuponyoka unaelekea bahari wazi na mkondo mkubwa. Tafuta boti mara moja, na usiufuate kwa kuogelea hata hatua kumi. Kwenye kisiwa cha Mnemba maji ni marefu na mkondo una nguvu, kilichozama pale mwachie mzamiaji mwenye leseni, na nahodha asitupe nanga juu ya matumbawe kwa sababu ya miwani yako. Eneo lile ni la hifadhi.

Ripoti, bima, na kifaa chenyewe

Usiku wa siku ya kwanza, kama hakijapatikana, chukua ripoti ya upotevu polisi. Bima nyingi za safari hutaka ripoti hiyo, na mara nyingi zinataka ndani ya saa 24. Wasio Watanzania, tangu Oktoba 2024, hununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar wanapoingia. Isome uone inafika wapi kabla ya kuitegemea.

Ukikipata kifaa, kioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, chumvi haingoji. Kamera iliyoingia maji usiiwashe kujaribu. Toa betri, isuuze, ianike kivulini. Kaiti ianue bila kuiburuta, ipulize, uiache usiku mzima uone kama inapungua.

Na kabla hujaingia tena majini, chukua kalamu isiyofutika uandike chini ya ubao kwa Kiswahili, si Kiingereza wala Kiarabu, kwa sababu atakayeuokota ni bibi wa mwani au mvuvi wa Bwejuu. Binamu yangu aliandika hivi, pamoja na namba ya simu ya hapa nchini: “Ukiniokota tafadhali piga namba hii. Mwenyewe yu mzima. Shukrani ipo.”